Gia ya Gunia la Viazi

Kila asubuhi mlima wa Mbaraki ulimshusha Nabiha kwenye baiskeli. Haukumwangusha, la. Ulimshusha kidogo kidogo, mpaka akakubali mwenyewe. Pedeli zilianza kuwa nzito, zikazidi, zikawa kama zimezikwa kwenye saruji, na usukani ukaanza kuyumba huku na huku. Hapo Nabiha hukanyaga chini, akakusanya pindo la buibui lake na kuanza kusukuma.

Na hapo ndipo madereva wa malori walipokuwa wakimngojea.

Malori yale hupanga foleni tangu alfajiri yakisubiri zamu ya kuingia bandarini, na dereva aliyekwama kwenye foleni hana kazi ila kutazama watu. Aliyewashinda wote kwa mdomo alikuwa Benard, mtu wa bara, mwenye kitambi na sauti ya kuita watu walio ng'ambo.

"Dada! Si hiyo ndiyo inaitwa baiskeli ya milima?" hupaza sauti, kichwa kikiwa nje ya dirisha. "Sasa mbona naona wewe ndiye unayeipandisha?"

Wenzake hucheka, naye Nabiha huinamisha uso akasukuma kwa nguvu zaidi. Alikuwa na haya tangu utotoni. Si haya ya kujifanya, ni haya yenyewe, ile ya kumfanya mtu anunue sukari dukani kwa kunyoosha kidole. Si kwamba hakuwa na majibu ya kumpa Benard. Alikuwa nayo, tena mazuri. Ila yalimjia wakati wa kurudi, akiwa ameshafika Ganjoni, na huko hakukuwa na wa kumpa.

Nyuma ya baiskeli alifunga kreti, na ndani ya kreti mlikuwa na vikapu vya mahamri na sufuria ya mbaazi za nazi, kifuniko kimekazwa kwa kanga. Mpishi alikuwa shangazi yake, Ummukulthum, nyumbani kwao Mji wa Kale. Nabiha alikuwa mpelekaji. Kikapu kimoja kilikuwa cha walinzi wa lango la chini, Mbaraki. Vilivyobaki pamoja na sufuria vilikuwa vya makarani wa ofisi moja ya kutoa mizigo, juu ya mlima, upande wa Kilindini. Akisukuma, baiskeli hulala upande. Ikilala upande, tui hutafuta njia ya kutokea.

Ijumaa moja tui liliipata njia hiyo vizuri. Sufuria ilifika nusu, tena imepoa. Mwende, karani aliyekuwa akiipokea kila siku, alifunua kifuniko akachungulia.

"Nabiha, leo mbaazi zimekuja peke yake? Mchuzi wake umebaki nyumbani?"

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha ule ulifika Mji wa Kale kwa simu kabla Nabiha mwenyewe hajafika. Alimkuta shangazi yake ameketi mbele ya karai, mwiko mkononi.

"Mwanangu, mimi sikulaumu," alisema Ummukulthum. "Mlima ni mlima. Lakini watu wataka kula vyakula vya moto. Kuanzia Jumatatu vyombo vitapanda tuktuk ya Terry, yule kijana wa hapo kona. Wewe utakaa na mimi hapa jikoni."

Jikoni hapakuwa pabaya. Lakini ile safari ya asubuhi ndiyo ilikuwa mali ya Nabiha peke yake. Upepo ulimpiga usoni, mji ulimpita pande zote mbili, na kabla mtu hajapata kumuuliza kitu alikuwa keshamwacha nyuma. Juu ya baiskeli hakuwa yule Nabiha mwenye haya. Alikuwa mtu anayekwenda mahali.

"Shangazi," alisema.

"Eh?"

"Nipe Jumatatu."

"Sema kwa sauti, mahamri yanapiga kelele hapa."

"Nipe Jumatatu moja. Nikipanda mlima wote bila kushuka, niachie kazi yangu."

Ummukulthum aliuweka mwiko chini. Hakuzoea kuombwa kitu na binti huyu. "Haya. Jumatatu nitapanda tuktuk ya Terry mimi mwenyewe, tukufuate nyuma. Ukikanyaga chini tu pale mlimani, vyombo vinahama. Tumeelewana?"

Nabiha akatikisa kichwa kukubali.

Jumamosi aliipeleka baiskeli kwa fundi Kavumbi, karibu na Marikiti. Kavumbi alifanya kazi chini ya kivuli cha mabati, amezungukwa na fremu, rimu na madebe ya vyuma vikuukuu, na alikuwa na ulimi wa watu wawili. Hilo lilimfaa Nabiha, kwa kuwa yeye hakuwa na hata wa mmoja. Tabu ilikuwa kwenye benchi, ambako wanaume wawili walikuwa wameketi wakinywa kahawa na kusikiliza kila kitu.

"Karibu, binti! Hodi yako nimeshaiitika. Lete mgonjwa hapa." Kavumbi aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedeli, akasonya. "Baiskeli hii imetoka wapi?"

Kaka yake Nabiha, Ziad, aliinunua kwenye baiskeli kuukuu zilizokuja na kontena. Nabiha alinyoosha kidole upande wa bandari.

"Nilijua! Mwenyewe wa kwanza huko kwao alikuwa mtu wa mbio. Tazama sproketi hii ya mbele, gurudumu hili la meno, kubwa kama sahani ya biriani! Hii ni ya barabara iliyonyooka, na mapaja ya mwanariadha. Na huku nyuma, chumvi ya bahari imekula waya, gia imekwama kwenye kijisproketi kidogo kuliko vyote. Mbele kubwa, nyuma ndogo. Kila ukizungusha pedeli mara moja ni kama wabeba nyumba. Wewe wapanda mlima na hii?"

Nabiha akatikisa kichwa: ndiyo.

"Maskini! Na mzigo juu?"

Ndiyo.

"Mzito?"

Aliiwaza ile sufuria. Ndiyo.

"Mzito kama nini? Kama gunia la viazi?"

Hapo Nabiha alitaka kusema la. Lakini ukisema la, watu hutaka maelezo. Ingebidi aeleze mahamri, mbaazi, shangazi, Terry na Jumatatu, na wale wawili wa kwenye benchi walikuwa wameshusha vikombe vyao kabisa wamsikilize. Akatikisa kichwa: ndiyo.

"Basi nimeelewa! Usiseme zaidi," alisema Kavumbi, akimwambia mtu ambaye hakuwa amesema lolote.

Akaishika kazi. Aliing'oa ile sahani ya biriani na kufunga mbele sproketi ndogo kama kisosi. Nyuma akaihamishia cheni kwenye sproketi kubwa kuliko zote, akaikaza ikae hapo hapo. Cheni ilipolegea akakata pingili kadhaa. "Sasa hata ukuta wapanda," alisema, akijifuta mikono.

Nabiha alipanda. Pedeli zilikuwa nyepesi kama hewa! Alitabasamu. Akazungusha, akazungusha, akazungusha tena, kisha akatazama chini na kugundua kwamba bado yuko mbele ya benchi la wale wanaume.

Kutoka Marikiti mpaka Mji wa Kale hakuna mlima wowote. Miguu ilikwenda mbio na baiskeli ikatambaa. Mama mmoja mwenye kapu la ndizi kichwani alimpita, akageuka kumtazama, akaendelea zake. Alipoingia kwenye vichochoro, paka mmoja alitembea naye sambamba, mkia juu, halafu akachoka kungoja akatangulia.

Kwenye baraza ya nyumba ya jirani, Hadi mshonaji kanzu alikuwa nyuma ya mashine yake. Aliposikia chakachaka ya cheni aliinua kichwa, mguu ukasimama.

"Lahaula! Nabiha! Cherehani hiyo umeinunua wapi?"

Madirisha yakafunguka.

"Miguu yaenda mbio na nguo haisogei," aliendelea Hadi. "Hebu pita hapa unitilie vifungo viwili!"

Kichochoro kizima kikacheka. Nabiha aliingia nyumbani na baiskeli, akafunga mlango, akaketi kwenye ngazi na kufunika uso. Mlima wa Mbaraki angeupanda sasa bila shaka. Lakini mpaka aufikie ingekuwa karibu adhuhuri, na mahamri yamekuwa mawe. Na yote hayo ni kwa sababu alishindwa kusema neno moja tu kwa fundi: la.

Jumapili asubuhi aliirudisha baiskeli Marikiti, akiisukuma na kujifunza maneno njia nzima. Fundi, si viazi. Fundi, si viazi. Alipofika, wale wanaume wawili walikuwa pale pale kwenye benchi, utafikiri wamelala hapo.

"Binti!" Kavumbi alimpungia spana. "Viazi vimefika salama?"

"Si viazi."

"Eh?"

"Si viazi, Fundi. Ni mahamri."

Kavumbi akabaki amenyanyua spana. Na Nabiha, akiwa ameshafungua mdomo, hakuona tena jinsi ya kuufunga.

"Ni mahamri na mbaazi, na mlima ni mmoja tu, kwengine kote ni tambarare, na nikichelewa zinapoa, na kesho shangazi yangu anifuata na tuktuk, nikikanyaga chini tu basi, kazi yangu imekwisha, na wewe umenifungia gia hii, jana nimepitwa na paka, Fundi! Paka! Tena alikuwa hana haraka!"

Spana ikamponyoka fundi. Kisha Kavumbi alicheka mpaka akatafuta debe la kukalia.

"Mahamri! Nami nimekufungia gia ya hamali! Lakini mwanangu, mbona jana hukusema?"

"Uliniambia nisiseme zaidi."

Benchi lilipiga kofi. Mmoja wa wale wawili alimwaga kahawa yake. Nabiha alihisi mashavu yakimwaka, lakini ajabu ni kwamba ardhi haikupasuka. Kicheko kilimzunguka tu kama maji ya uvuguvugu, kikapita.

"Haya, kosa ni letu sote wawili," alisema Kavumbi. "Njoo turekebishe sote wawili. Shika spana."

Walipekua madebe pamoja. Mbele walifunga sproketi ya kadiri, si sahani wala kisosi. Nyuma walitoa vyuma vilivyoliwa na kutu, wakafunga friwili nyingine yenye ngazi nzuri za sproketi, kutoka ndogo ya kukimbilia mpaka kubwa iliyotanda kama kiganja. Kavumbi alirudisha zile pingili za cheni alizozikata jana, akapitisha waya mpya na kufunga swichi ya gia kwenye usukani, pale kidole gumba kinapofika. Nabiha alizungusha pedeli kwa mkono, Kavumbi akabonyeza. Cheni ikajaribu kupanda, ikateleza, ikanung'unika. Kavumbi akagusa skrubu kwa bisibisi, kidogo mno, kama mtu anayeonja chumvi.

"Tena."

Tik. Cheni ikapanda ngazi. Tik. Ikapanda nyingine. Nabiha alicheka peke yake. Aliirudisha chini, akaipandisha tena, akairudisha, mpaka Kavumbi akamwambia aache, atamaliza waya kabla ya kuondoka.

"Sasa sikiza, hili ndilo kubwa. Badilisha gia kabla mlima haujakushika. Ukingoja mpaka miguu ilie, cheni itakataa. Na unapobonyeza, punguza nguvu kwenye pedeli, ipe nafasi ihame. Umenielewa? Usitikise kichwa! Sema."

"Nimekuelewa, Fundi."

"Kumbe sauti unayo. Uifanyie mazoezi, nayo ina kutu."

Jumatatu, kabla jua halijachomoza, Nabiha alishuka ngazi akakuta paka wawili wamekumbatia baiskeli yake. Mmoja alikuwa akilamba cheni kwa makini, mwingine akilamba pedeli. Aliinama akanusa. Samli! Si samli hivi hivi, ni ile ya ng'ombe iliyotoka Lamu, iliyowekwa kabatini kwa ajili ya sikukuu.

"Shangazi!"

Ummukulthum alitokeza jikoni, akatazama dari. "Nini? Mlango wetu wa mbele si ulikuwa ukilia? Niliutia samli, mpaka leo haulii. Nikaona na hiyo cheni..." Hakumaliza. Alirudi jikoni akaanza kugonganisha vyombo.

Nabiha alisimama pale na tambara mkononi. Shangazi yake hakuwapa hata wageni samli ile. Mtu anayetaka ushindwe hawezi kuamka usiku akuchotee ya sikukuu. Akaifuta cheni pingili baada ya pingili, akatia mafuta ya fundi, lakini harufu haikutoka yote. Alipoondoka, paka wa kichochoro kizima walimsindikiza mpaka barabarani. Hadi, aliyekuwa akifungua dirisha, aliwahesabu paka mmoja mmoja kwa kidole.

Nyuma ilifuata tuktuk ya Terry. Ummukulthum alikuwa amejaa kiti cha nyuma chote, mkoba mapajani, kama anayekwenda harusini.

Barabarani Nabiha alibonyeza swichi, cheni ikashuka kwenye sproketi ndogo, na baiskeli ikaruka. Hakuwahi kwenda hivyo! Ganjoni alipita kabla watoto wa shule hawajamaliza kuvuka. Nyuma yake Terry alipiga honi.

"Oya, Nabiha! Pole pole, tuna mzee huku!"

"Mzee nani?" ilisikika sauti ya Ummukulthum.

Mbaraki, kwenye lango la chini, aliwapa walinzi kikapu chao, akageuza usukani. Mlima ulikuwa mbele yake, na malori yamejipanga ubavuni, mwanzo hadi mwisho.

"Dada wa mlima huyo!" Benard alikuwa ameshatoa kichwa. "Jamani, tumpangie mahali pa kushukia! Leo ni kwenye nguzo ya kwanza au ya pili?"

Kicheko kikaruka kutoka lori hadi lori. Nabiha aliwatazama, na kwa kuwatazama akasahau kidole chake. Pedeli zikaanza kuwa nzito. Akabonyeza swichi kwa nguvu na haraka. Cheni ikagugumia, ikakataa. Usukani ukayumba. Mguu wa kushoto ukaanza kutafuta ardhi, wenyewe, kwa mazoea. Nyuma yake tuktuk ilikuwa imekaribia.

Ipe nafasi ihame.

Akalegeza miguu. Baiskeli ilikaribia kusimama kabisa. Tik. Akazungusha nusu. Tik. Tena. Tik. Na pedeli zikawa nyepesi.

Miguu ikaanza kwenda mbio, buibui likipepea, na baiskeli ikapanda polepole, imenyooka kama uzi. Sufuria nyuma yake haikusema neno.

"Ebu tazameni!" Benard alipiga mlango wa lori kwa kiganja. "Hiyo ni baiskeli au cherehani?"

Wakacheka wote, na Nabiha naye akacheka, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kweli. Nguzo ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Dereva mmoja alianza kupiga makofi kwa kufuata miguu yake, mwingine akadakia, wa tatu akapiga honi.

Nyuma, mngurumo wa tuktuk uligeuka kikohozi.

"Mama," alisema Terry kwa heshima kubwa, "samahani sana. Ukishuka kidogo tu, itapanda."

"Nishuke? Mimi?"

"Kidogo tu, mama."

Foleni nzima ilishuhudia. Ummukulthum alishuka mlimani Mbaraki, akakusanya pindo la buibui lake, akatazama juu, akamwona mtoto wa kaka yake anapanda bila kukanyaga chini. Akasahau kwamba amefedheheka. Akapiga kigelegele kirefu, hata nusu ya Ganjoni ikatoka kutazama harusi ni ya nani.

"Fundi cherehani!" Benard aliita kwa nguvu zake zote. "Shati langu litakuwa tayari lini?"

Na jibu likamjia Nabiha pale pale mlimani, wala halikungoja Ganjoni.

"Lete kitambaa kwanza!" alipaza sauti. "Na kwa tumbo hilo, ulete mita nyingi!"

Madereva wakageuza vichwa kumtazama Benard. Halafu honi zote za foleni zililia kwa pamoja, na Benard alikuwa ameegemea usukani wake, akicheka mpaka lori likatikisika.

Ofisini Mwende alifunua kifuniko, mvuke ukampiga kwenye miwani. Sufuria ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

"Leo mchuzi umekumbuka njia," alisema.

"Umekuja na mimi," alijibu Nabiha, na Mwende akamtazama mara mbili, kwa maana tangu waanze kujuana hakuwahi kuisikia sauti ile.

Ummukulthum aliwasili kwa miguu, akihema, mkoba umening'inia kiwikoni, Terry nyuma yake na tuktuk tupu. Akaegemea mlango. Akaitazama baiskeli kwa muda, kisha akamtazama mtoto wa kaka yake, uso wote ukitoa jasho na furaha.

"Terry, kesho usije," alisema. Akavuta pumzi. "Nabiha, na ile gia aliyokufungia fundi mara ya kwanza, ile ya gunia la viazi, bado anayo?"

"Anayo, Shangazi."

"Muulize basi kama yaweza kuingia kwenye tuktuk."